Alama nzuri, kanuni mbovu: uchambuzi wa kisa kimoja cha desimali

Kisa hiki kinahusu darasa moja la wanafunzi wa miaka 11 na 12 waliofaulu jaribio la desimali huku wengi wao wakiwa hawajui ipi kubwa kati ya 0.6 na 0.45. Shule, mahali na wahusika havitajwi, na idadi za wanafunzi zimewekwa kwa makadirio ili darasa lisitambulike. Maswali na vifaa vimeelezwa kwa ukamilifu, kwa kuwa mwalimu atakayetaka kurudia zoezi hili atahitaji hivyo zaidi ya kitu kingine.

Mazingira

Mwalimu wa hesabu alikuwa mzoefu, na mada ilipewa vipindi 10 vya dakika 40: thamani ya nafasi, kusoma na kuandika desimali, kulinganisha, kujumlisha na kutoa. Mwishoni kulikuwa na jaribio la maswali 20. Wengi walipata 16 kwenda juu. Alama zikaingia kwenye ripoti za wazazi, mada ikafungwa.

Kulinganisha kulifundishwa kwa agizo moja: panga nukta chini ya nukta, kisha tazama namba zilizo kulia. Kwa anayeelewa tayari, agizo hilo halina kosa. Asiyeelewa atatazama kulia, ataona 45 upande mmoja na 6 upande mwingine, na atajua la kufanya.

Kamba tatu juu ya meza

Wiki tatu baadaye, katika kipindi cha sayansi, vikundi vilipima vipande vya kamba na kuandika urefu kwa mita. Kisha vilitakiwa kuvipanga kutoka kifupi hadi kirefu kwa kufuata jedwali. Kikundi kimoja kiliandika 0.6, 0.28, 0.45. Kamba zenyewe zilikuwa mbele yao, na ile waliyoiita fupi kuliko zote ilikuwa inaning'inia ukingoni mwa meza kwa urefu wake.

Walipoonyeshwa, mmoja alijibu: "Basi tumepima vibaya, Mwalimu." Wakachukua rula, wakapima upya mara mbili. Mwingine akadai kamba imevutika. Walishuku mikono yao, wakashuku rula, wakashuku kamba. Kanuni haikushukiwa na yeyote, na hawakuwa na sababu ya kuishuku: wiki tatu tu zilizopita ilikuwa imewapa alama zote.

Uamuzi wa kwanza: makaratasi kabla ya somo

Ushauri wa kwanza ambao mwalimu wa hesabu alipewa na wenzake ulikuwa kurudia somo. Mwalimu alikataa, akaomba kwanza makaratasi ya jaribio. Sababu yake ilikuwa nyepesi: kama somo lilieleweka vibaya kwa namna isiyojulikana, kulirudia vilevile ni kurudia na kosa lake.

Maswali ya kulinganisha yalikuwa matano, na yote yalikuwa ya aina ya 0.35 na 0.72, yaani tarakimu mbili baada ya nukta kila upande. Hapo mwanafunzi anayesoma desimali kama namba nzima hupata jibu sahihi kila mara, kwa kuwa 72 ni kubwa kuliko 35. Maswali ya kujumlisha nayo yalikuwa hivyo hivyo: 0.35 + 0.42 hutoka sawa hata ukijumlisha 35 na 42 kisha ukarudisha nukta. Laiti kungekuwa na 0.3 + 0.14, karatasi nyingi zingeandikwa 0.17 na tatizo lingeonekana siku ileile.

Mtungaji hakuwa na nia mbaya. Tarakimu zinazolingana huonekana nadhifu ubaoni na hurahisisha usahihishaji. Unadhifu huo ndio uliofunika kombe.

Jozi 12 zisizo na alama

Hatua iliyofuata ilikuwa zoezi la dakika 10: jozi 12 za namba, mwanafunzi azungushie iliyo kubwa. Jozi zilitoka katika makundi manne ya jozi tatu tatu, zikachanganywa ili mpangilio usijulikane.

Kundi la kwanza lilikuwa na urefu sawa: 0.35 na 0.72, 0.8 na 0.3, 0.416 na 0.461. Kundi la pili, iliyo ndefu ni ndogo: 0.6 na 0.45, 0.8 na 0.725, 0.5 na 0.36. La tatu, iliyo ndefu ni kubwa: 0.3 na 0.58, 0.4 na 0.627, 0.25 na 0.731. La nne lilikuwa na sifuri mara tu baada ya nukta: 4.08 na 4.7, 0.03 na 0.2, 0.05 na 0.4.

Usahihishaji wake ndio kiini cha zoezi. Hujumlishi vema na makosa. Unatazama ni makundi yapi mwanafunzi amekosa, kwa sababu kila kanuni mbovu huacha nyayo zake. Anayeamini "ndefu ni kubwa" hupata kundi la kwanza na la tatu, hukosa la pili na la nne: 6 kati ya 12. Anayeamini kinyume chake, "fupi ni kubwa", hukosa kundi la tatu tu: 9 kati ya 12. Yupo na wa tatu, anayesoma kama namba nzima lakini amekariri kwamba sifuri baada ya nukta hufanya namba kuwa ndogo. Huyo hukosa kundi la pili peke yake: naye 9 kati ya 12.

Wawili wa mwisho wana asilimia 75 kila mmoja, na wanaamini mambo yanayopingana. Kwenye daftari la alama wangekaa mstari mmoja, wote wakiitwa wazuri.

Kanuni hizi tatu si ugunduzi wa darasa hili. Catherine Sackur-Grisvard na François Léonard walizieleza nchini Ufaransa miaka ya 1980, na mwaka 1989 Lauren Resnick na wenzake wakazilinganisha kwa wanafunzi wa Marekani, Israeli na Ufaransa. Jambo moja katika kazi hiyo ya pili linafaa kukumbukwa hapa: kanuni ya "fupi ni kubwa" ilikuwa nadra kwa Wafaransa, waliofundishwa desimali kabla ya sehemu kama nusu na robo. Kumbe kosa hilo hutokana na kile mtoto alichokwisha kujifunza.

Katika darasa letu, zaidi ya theluthi walionyesha nyayo za "ndefu ni kubwa", wachache kiasi "fupi ni kubwa", na wanne au watano ile ya sifuri. Waliopata zote 12 hawakufika nusu.

"Unajuaje?"

Wanafunzi sita, wawili kutoka kila kanuni, walizungumza na mwalimu kwa dakika tano kila mmoja. Masharti yalikuwa mawili: mwalimu aulize "unajuaje?" pekee, na asiseme sahihi wala kosa, hata kwa uso. Sharti la pili ni gumu kuliko linavyosikika. Mwanafunzi mzoefu husoma nyusi za mwalimu, akaona zimekunjamana hubadili jibu, na hapo umepoteza ulichokuja kukitafuta.

Wa "ndefu ni kubwa" walisoma 0.45 kwa sauti hivi: "sifuri nukta arobaini na tano." Lugha yenyewe ilikuwa imeshawaamulia, kwa maana hakuna asiyejua kwamba arobaini na tano inazidi sita. Mwalimu alikiri kwamba naye husoma hivyo anapoharakisha.

Wa "fupi ni kubwa" walishangaza zaidi. Mmoja alieleza kwamba sehemu ya mia ni ndogo kuliko sehemu ya kumi, kwa hiyo namba iliyofika kwenye sehemu za mia lazima iwe ndogo. Nusu ya kwanza ya hoja ni kweli tupu. Alichoruka ni kuhesabu sehemu hizo ziko ngapi, na kutazama kilichotangulia mbele yake. Mtoto huyu anafikiri kwa bidii kuliko wengi waliopata alama zote, na kumrudisha kwenye "tazama namba zilizo kulia" kungekuwa kumwadhibu kwa kufikiri.

Njia ya mkato: jaza sifuri

Muhula ulikuwa unakaribia kuisha. Mwalimu akachagua dawa ya haraka: jaza sifuri mpaka tarakimu zilingane, kisha linganisha. 0.6 inakuwa 0.60, na 60 ni kubwa kuliko 45. Kipindi kimoja kilitosha. Kesho yake karibu darasa zima likapata jozi zote.

Baada ya wiki tatu, bila tangazo, jozi zilirudi zikiwa na namba nyingine. Sehemu kubwa ya darasa ilikuwa imerudi pale pale. Baadhi walikumbuka kwamba kuna sifuri za kujaza lakini si wapi, wakaandika 0.06 badala ya 0.60. Mmoja alikataa kujaza kabisa, akidai ukiongeza sifuri umezidisha mara 10, kama 6 inavyokuwa 60. Pingamizi lake lilikuwa la haki na halikuwa limejibiwa. Walipoulizwa kwa nini 0.6 na 0.60 ni sawa, jibu la kawaida lilikuwa: "Kwa sababu tumeongeza sifuri."

Kanuni ya kujaza sifuri haina kosa la kihesabu. Udhaifu wake ni kwamba inabadilisha swali la desimali kuwa swali la namba nzima, ambalo ndilo wanafunzi hawa walikuwa wakilijibu tangu mwanzo. Wazo lao halikuguswa. Lilipewa tu mazingira ambamo halikosei.

Vipande vya karatasi

Muhula uliofuata vilitengwa vipindi vinne. Kila wanafunzi wawili walipata utepe mmoja wa karatasi wa mita moja, uliopewa jina la "moja", vipande 12 vya sentimita 10 na vipande 20 vya sentimita 1. Upana wa vyote ulikuwa sentimita 3. Idadi inazidi 10 kwa makusudi, ili mwanafunzi aweze kubadilisha vipande 10 vya mia kwa kimoja cha kumi na kuona kwamba urefu haubadiliki. Sehemu za elfu hazikukatwa. Milimita moja ya karatasi haishikiki, kwa hiyo zilichorwa kwa mistari kwenye kipande kimoja cha sentimita.

Utaratibu wa kila jozi: andika kwanza unachodhani, kisha jenga namba zote mbili, kisha andika ulichoona. Utabiri ulioandikwa ulikuwa wa lazima. Pasipo huo, mtoto hutazama karatasi na kusema alijua tangu mwanzo, na anasema kwa moyo safi.

Kipindi cha kwanza kiliharibika kwa mambo mawili. Wanafunzi walipewa kazi ya kukata wenyewe, na dakika 40 ziliishia kwenye mkasi. Waliobaki na muda wakajenga 0.6 na 0.45, wakahesabu vipande: sita upande mmoja, tisa upande wa pili. Tisa ni vingi, basi 0.45 ni kubwa. Kifaa kilicholetwa kuvunja kosa kikawa kimelipatia ushahidi.

Marekebisho yalikuwa madogo. Vipande vilikatwa kabla ya kipindi. Mstari mmoja ulichorwa mezani, namba zote mbili zikaanzia hapo, vipande vikipangwa ncha kwa ncha, na swali likawa ipi imefika mbali. Vipande havikuwa na alama za sentimita na rula zilikusanywa, kwa sababu wenye rula walisoma 45 na 60 wakamaliza bila kufikiri sehemu yoyote.

Kwa wiki mbili, kusema "nukta arobaini na tano" kulipigwa marufuku, kwa mwalimu pia. 0.45 ilisomwa "nne za kumi, na tano za mia", au kwa kifupi "nukta nne tano". Simon Stevin, aliyeeneza desimali Ulaya kwa kijitabu chake cha mwaka 1585, aliandika kando ya kila tarakimu kiduara chenye namba ya nafasi yake, 1 kwa sehemu za kumi, 2 kwa sehemu za mia. Mwandiko huo ulikuwa mzito, lakini tarakimu ilitembea na cheo chake. Nukta tunayotumia leo imetuondolea mzigo huo na kumwachia msomaji akumbuke mwenyewe.

Kwa kundi la "fupi ni kubwa", vipande peke yake havikutosha. Waliona 0.627 imepita 0.4 mezani, kisha karatasini wakarudi kwenye hoja yao. Kilichosaidia ni maswali mawili kwa mpangilio uleule kila mara: za kumi ni ngapi? Zikilingana, za mia ni ngapi? Kipindi cha nne kilitumika kwenye mstari wa namba: taja namba iliyo kati ya 0.3 na 0.4, kisha kati ya 0.36 na 0.37. Swali la pili lilizua ubishi wa robo saa. Wengi walisema hapana kitu kati yao.

Mvutano kuhusu alama

Mwalimu wa taaluma alitaka matokeo ya jozi 12 yaingizwe kwenye daftari la alama. Mwalimu wa somo alikataa, akieleza kwamba 9 za mtoto mmoja na 9 za mwingine hazina maana moja. Mzazi mmoja naye alifika na karatasi ya 18 kati ya 20, akauliza imekuwaje mtoto asiyejua akapata hizo. Aliwekewa karatasi zote mbili, na maswali matano ya urefu sawa yakazungushiwa duara. Alielewa haraka kuliko ilivyotarajiwa. Alichouliza baadaye ndicho kilikosa jibu: je, ripoti itarekebishwa?

Iliamuliwa isibadilishwe. Kwa sheria za shule uamuzi huo unaeleweka, kwani jaribio lilifanyika na alama zilipatikana kihalali. Hata hivyo sentensi moja ya maelezo ingewekwa kwenye ripoti bila kugusa alama, na haikuwekwa.

Matokeo

Wiki nne baada ya kipindi cha mwisho lilitolewa zoezi jipya lenye jozi 15 na nafasi ya kuchagua "sawa". Robo tatu hivi ya darasa walipata makundi yote manne. "Ndefu ni kubwa" ilibaki kwa wawili watatu. "Fupi ni kubwa" ilipungua kidogo tu, na miongoni mwao walikuwemo wawili ambao mwanzoni walikuwa upande wa pili. Kwa hesabu ya alama walikuwa wamepanda. Kwa uelewa walikuwa wamehama kutoka kosa moja kwenda jingine, ingawa la pili lina nusu ya hoja ndani yake.

Jozi ya 0.5 na 0.50 haikusumbua. Jozi ya 0.37 na 0.373 ilisumbua: kiasi cha wanafunzi sita walisema ni sawa.

Kilichofanya kazi, kilichokwama

Kazi kubwa ilifanywa na karatasi ya dakika 10, kabla ya vipande na kabla ya vipindi vinne. Bila kujua kuna kanuni tatu, mwalimu angefundisha darasa zima dhidi ya kosa la "ndefu ni kubwa", na mafunzo hayo yangewasukuma zaidi wale wa "fupi ni kubwa", kwani kila mfano wa kundi la pili huwathibitishia kwamba wako sahihi. Anayetunga zoezi kama hili ahakikishe kila kundi lina jozi tatu angalau. Jozi moja hupatikana kwa bahati, na kwa machaguo mawili bahati ni nusu kwa nusu.

Kutoweka alama kulisaidia na kukagharimu. Watoto hawakunakiliana, na majibu yao yalikuwa yao. Lakini kwenye zoezi la pili baadhi walizungushia upande wa kushoto kuanzia juu hadi chini, kwa kuwa walishajua halihesabiwi. Karatasi hizo zilitambulika kirahisi na wenyewe wakapewa nafasi nyingine. Njia bora ingekuwa kumwomba mwanafunzi aandike sababu ya jozi mbili kati ya zote. Asiyefikiri hana cha kuandika.

Kujaza sifuri kuliletwa mapema mno. Baada ya vipande, wanafunzi walewale walipokea kanuni hiyo bila tabu, maana sasa 0.60 ilikuwa ni vipande sita na nafasi tupu ya sehemu za mia. Hata yule aliyebisha kuhusu kuzidisha kwa 10 aliridhika alipoona kwamba hakuna kipande kilichohama nafasi.

Kosa la 0.37 na 0.373 lilikwepa macho kwa sababu zoezi la kwanza halikuwa na jozi ya kulishika. Wanafunzi hawa wanaona desimali inaishia kwenye tarakimu ya pili, na kinachofuata wanakihesabu kuwa vumbi. Inawezekana ni mazoea ya vipimo vya mita na sentimita, ambavyo vipande vyenyewe vilivitia nguvu, kwa kuwa sehemu za elfu zilichorwa tu na hazikushikwa mkononi.

Mada iliyopangwa kufuata ilikuwa kukadiria desimali hadi tarakimu mbili baada ya nukta, yaani kuwafundisha rasmi kuiacha tarakimu ya tatu. Mwalimu aliisogeza mbele kwa wiki mbili, akaweka kwanza vipindi viwili vya mstari wa namba kati ya 0.37 na 0.38.